Kendra Alimliza Weldon Mbele ya Kamera

"Dada Orpha, bora nikuulize usoni kuliko nikuseme nyuma. Ni kweli Kendra kamliza yule kijana wa Elvin mbele ya kamera, halafu wenzake wa chuo wakakaa kumtazama?"

Aliyeuliza ni Verda. Tulikuwa tumezunguka fremu ya mbao kwenye ukumbi wa kanisa, tunashona mfarishi, blanketi la viraka la zawadi ya harusi ya Kendra, binti yangu wa pekee. Huyo kijana wa Elvin ni Weldon, ndiye aliyekuwa amuoe mwezi wa sita. Sindano zote zikasimama.

"Nani kakwambia?"

"Watu."

"Watu wana majina, Verda."

"Mpwa wangu anafanya usafi pale chuoni. Kasikia wasichana wanaongea bafuni. Wanasema kijana kalia kama mtoto mdogo, na kataja habari za marehemu Titus."

"Uongo huo! Weldon hata siku ya kumzika mdogo wake hakutoa chozi. Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Ndiyo maana nauliza."

Nikainamia kushona, lakini mishono ikaenda upande. Umbea nimeusikia mwingi hapa Weaverford, mwingine unauacha mlangoni pamoja na viatu vyenye matope. Huu uligoma kutoka. Mtu anaweza kutunga kwamba kijana kalia. Lakini Titus nani amtunge? Wale wasichana wa mjini hata hawakujua kama aliwahi kuwepo.

Nikatoka nje, nikaingia garini, nikapiga simu.

"Haloo Mama, niko maktaba. Ni haraka?"

"Umemfanya nini Weldon?"

Nikasikia kitabu kikifungwa.

"Kendra?"

"Nani kakwambia?"

Wazazi wenzangu, mtoto asiye na kosa haulizi hivyo. Asiye na kosa angesema, "Kwani Weldon ana nini?"

Sasa nirudi nyuma kidogo ili muelewe.

Mimi nimelelewa kwa Waamishi, wale Wakristo wa huku Marekani wasiotumia magari wala umeme, na kwao darasa la nane ndio mwisho. Nilipoolewa na Leroy tukahamia kwa Wamenonite, ndugu zao wenye masharti mepesi, tukanunua gari, tukavuta umeme, lakini vitabu havikuniongezeka. Leroy alipofariki nikabaki na Kendra na tanuri la kuokea pai. Kendra ndiye wa kwanza kwetu kuingia chuo, kile kidogo cha kilimani, ambako wanafunzi wanajuana wote na wanaonjeshwa kila somo, dini, muziki, nyota, mpaka kila mtu achague lake. Yeye akachagua saikolojia.

Mwaka wa pili akaanza kututibu.

"Mama, una wasiwasi uliopitiliza."

"Nina mtoto."

"Siyo hivyo, Mama. Huo ni ugonjwa kabisa, una dalili zake."

"Na dawa yake ni mtoto kupiga simu akifika. Endelea kula."

Mchungaji akaambiwa ana tatizo, Verda akaambiwa ana mawili, hata paka wetu akaambiwa alitengwa na mama yake mapema. Nilicheka. Nilidhani ni kama mtoto aliyenunuliwa nyundo mpya, kila anachokiona anakigonga, kisha atachoka. Hakuchoka. Akamfikia Weldon.

Weldon ni kijana wa ng'ombe. Anaamka na giza, anakamua, anapeleka maziwa, kati ya hayo akiongea sana ni "ndiyo" na "nadhani itanyesha." Alianza kumpenda Kendra tangu wakiwa kwaya ya vijana. Tulijua wote, ingawa hakuna aliyemsikia akisema.

"Mama, hajawahi kuniambia ananipenda. Hata mara moja."

"Nani kakufungia matairi ya baridi kabla theluji haijaanguka?"

"Hayo ni matairi, Mama."

"Hapa kwetu ni hayo hayo."

"Kuna jina lake kitabuni. Ni mtu anayekwepa ukaribu. Kuna kitu kilimfunga toka utotoni na asipofunguliwa kitakuja kuua ndoa yetu."

"Ni mwanaume wa Weaverford! Baba yako alinichumbia kwa kunipasulia kuni."

"Na ndiyo maana mlikuwa mnakaa mezani kama mmesusiana."

"Hatukususiana. Tulikuwa tunakula."

Akatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari aliyeona ugonjwa umeshafika pabaya.

Ilipofika mwaka wa mwisho, kila mwanafunzi alitakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe. Kendra akachagua wachumba. Wachumba wawili wanakaa kwenye chumba kidogo, wanasomewa maswali, wanaongea robo saa mbele ya kamera. Baadaye wanafunzi wengine, waliofundishwa kazi hiyo, wanaitazama ile video kipande kwa kipande na kuzipa nyuso alama: hapa hasira, hapa dharau, hapa huzuni. Alinieleza nikiwa nakanda unga.

"Yaani mnahesabu mtu alivyokunja uso?"

"Ndiyo, Mama. Uso unasema ambayo mdomo unaficha."

"Basi msinitazame mimi nikiwa kanisani."

Jumapili moja Weldon alikuja kula kwangu, tambi na kuku na viazi vya kuponda juu yake. Kendra akamngoja ajaze sahani, ndipo akasema:

"Weldon, nahitaji wachumba wa kujaribia kabla sijaanza na wengine. Niliowafikiria wamekataa. Tukae sisi?"

"Kufanya nini?"

"Kuongea tu."

Weldon akanitazama mimi kana kwamba anaomba msaada. Nikamsogezea bitiruti za siki.

"Kuongea nini?" akauliza.

"Kuna maswali. Ni robo saa. Nakuomba."

"Nani ataangalia?"

"Mimi na mwalimu wangu. Basi."

"Wewe na mwalimu."

"Basi, Weldon. Nakuahidi."

Akatafuna, akameza. "Sawa. Baada ya kukamua."

Mimi nilikuwepo. Niliisikia ile ahadi kwa masikio yangu. Na niliona jinsi alivyomtazama mwanangu aliposema sawa. Angekubali hata angeambiwa akae juu ya paa.

Yaliyotokea mle chumbani Kendra alinisimulia baadaye, akilia, na nimeyapata kama ifuatavyo.

Waliketi viti viwili, magoti karibu kugusana. Kamera kwenye kona. Maswali ya kwanza mepesi: chakula unachopenda, siku uliyocheka sana. Weldon anajibu neno moja moja. Kisha likaja la mwisho.

"Mwambie mwenzako jambo ambalo hujawahi kumwambia mtu yeyote," Kendra akasoma.

Weldon akaitazama kamera.

"Jifanye haipo," Kendra akasema.

"Iko lakini."

"Niangalie mimi tu. Ni mimi na wewe."

Akavua kofia, akaiweka gotini. Kisha akaanza, akitazama mikono yake.

"Siku ya Titus."

Hapa niwaeleze. Titus alikuwa mdogo wake Weldon. Alifia kwenye ghala la mahindi la bati, yale marefu ya mviringo. Mashine inapovuta mahindi kwa chini, juu yanageuka kama tope, yanameza mtu. Sisi wote tulijua kwamba Titus aliingia mwenyewe, kitoto, wakati mashine inafanya kazi. Hivyo ndivyo ilivyosemwa msibani.

"Hakuingia mwenyewe," Weldon akasema. "Baba alimtuma asawazishe kwa koleo. Mimi niliwekwa kwenye swichi. Nikisikia sauti, nizime. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu, kusimama."

"Halafu?"

"Ng'ombe wetu mmoja alikuwa anazaa. Nikaenda kumwangalia ndama. Nilisema naenda na kurudi."

"Weldon..."

"Alikuwa na doa jeupe usoni. Nilikaa kumwangalia, Kendra. Nilikaa."

Akalia. Si kilio cha kupangusa kwa kiganja, ni kile kinachotoka tumboni. Akamshika Kendra mikono miwili.

"Sema kitu," akamwambia. "Tafadhali sema kitu."

Na mwanangu, niliyemlea kwa mikono yangu, akamjibu walivyofundishwa darasani:

"Nasikia umebeba maumivu makubwa. Asante kwa kuniamini."

Hata hivyo Weldon hakuona ubaya. Jioni ile ile alimtumia ujumbe, mrefu kuliko zote alizowahi kuandika. Kendra alinionyesha: "Nimefika salama. Nimekula sahani mbili. Mama kashangaa. Sijui nisemeje ila kifua changu kimekuwa chepesi. Wewe tu ndiye unajua. Nakupenda. Nimeandika."

Nimeandika! Angalieni hilo neno. Mwanaume aliyeshindwa kusema miaka yote.

Kendra akaruka ruka chumbani kwake kwa furaha. Alikuwa amemponya. Mchumba wake hakuwa amefungwa tena, kamfungua yeye, kwa elimu yake. Hapo angeishia, leo ningekuwa nawasimulia harusi.

Wiki zikapita, video za wachumba wengine zikaja. Baridi tupu! Wanacheka cheka, wanasifia mbwa wao. Wale wanafunzi wa kuzipa nyuso alama hawakuwa na cha kujifunzia. Mwalimu akamwambia Kendra:

"Tafuta moja yenye hisia nzito, wajifunzie hiyo."

"Ninayo moja."

"Wahusika wamekubali wengine waione?"

Na Kendra akasema, "Wamekubali."

Neno moja tu. Nilimuuliza baadaye, kwa nini?

"Mama, nilidhani nikimuomba atakataa."

"Kwa hiyo ulijua jibu lake."

Akavuta mkono wa sweta mpaka ukafunika vidole.

Akawakusanya wale wanafunzi, akawaambia msitaje jina, akazima taa, akawasha video. Sasa niambieni, jina la nini? Weldon anapeleka maziwa jikoni kwa chuo kile kila asubuhi. Kila aliyewahi kunywa chai pale anamjua yule kijana mrefu mwenye kofia ya kijani. Mmoja wao, Paige, msichana aliyekuwa anakaa chumba kimoja na Kendra, akamsimulia rafiki yake, rafiki akamsimulia wake, maneno yakateremka kilima mpaka kwenye fremu ya mfarishi.

Kendra alifika nyumbani siku ile ile niliyompigia. Hakuvua koti.

"Mama, usinifokee."

"Sijafungua mdomo."

"Uso wako unafoka."

"Basi uupe alama! Weldon anajua?"

"Bado."

"Panda gari uende ukamwambie sasa hivi. Asisikie kwa mwingine."

"Siwezi sasa. Ijumaa nautetea utafiti wangu mbele ya walimu. Nikimwambia atajitoa, na akijitoa sina jinsi ya kueleza wale wanafunzi walijifunzia nini. Nitamwambia Jumamosi. Nitamwambia kila kitu, Mama, naapa."

"Kwa imani yetu hatuapi. Nenda leo."

"Ni siku chache tu! Amekaa nayo miaka yote, siku chache zitamfanya nini?"

Nikamtazama mwanangu nikaona simjui. Nikasema, "Usipokwenda wewe nitakwenda mimi." Akanishika mkono, akalia, akasema nitamharibia mara mbili, kwamba jambo hili Weldon anatakiwa alisikie kwake. Nikaona ana haki. Nikamwacha hadi Jumamosi.

Jumamosi haikutufikia.

Alhamisi, Elvin, baba yake Weldon, alikuwa kwenye duka la chakula cha mifugo anapakia magunia. Mzee mmoja, kwa nia njema kabisa, akamshika bega.

"Pole, Ndugu Elvin. Kumbe alikuwa Weldon kwenye swichi. Mtoto wa watu, kubeba vile peke yake. Tunamuombea."

Elvin akashusha gunia. Akaacha mzigo nusu, akaendesha kwenda nyumbani, akamweleza Weldon alichosikia.

Nusu saa baadaye simu ya Kendra ikaita. Alikuwa jikoni kwangu, anajifunza kusema yale ya Ijumaa. Aliweka sauti ya nje bila kujua, kwa papara.

"Weldon, nilikuwa nataka..."

"Walikuwa wangapi?"

"Nini?"

"Waliokuwa wananitazama. Walikuwa wangapi?"

"Wanne. Weldon, ni wanafunzi wenzangu, wamefundishwa kutunza siri..."

"Walikuwa wanakula?"

"Sikuelewi."

"Wakati wananitazama. Walikuwa wanakula kitu?"

Kendra akanitazama mimi. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Kendra. Nimekuuliza."

"...Bisi."

Upande wa pili ng'ombe akalia, ndoo ikagonga kitu.

"Sawa," Weldon akasema.

"Weldon, subiri, nakupenda, niache nieleze..."

Alishakata. Kendra akamtumia ujumbe, haukujibiwa. Akatuma mwingine. "Nilitaka kukusaidia." Mwingine. "Nisamehe." Mwingine. "Naomba uniambie hata kama umekasirika." Zote zikasomwa, zote zikabaki upande mmoja wa kioo cha simu kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba.

Usiku ule sikulala, naye sikumsikia akilala. Asubuhi akampigia mwalimu wake, akakiri kwamba alidanganya. Utafiti ukasimamishwa. Video ikafutwa mbele yake. Kisha tukaoga, tukavaa za kanisani, tukaenda shambani kwa Elvin. Kwetu ukimkosea mtu unakwenda mwenyewe, kwa miguu yako, na mkosewa anakufungulia. Hivyo ndivyo tulivyolelewa pande zote mbili.

Lois, mama yake Weldon, akatufungulia. Akatumiminia kahawa. Mkono wake ulitulia kabisa, ndio ulionitisha.

Kendra akapiga magoti pale pale kwenye zulia la jikoni.

"Ndugu Elvin, Dada Lois, nimevunja ahadi. Nilimdanganya mwalimu, nikaonyesha jambo la Weldon kwa watu. Sina sababu. Naomba mnisamehe."

"Inuka, binti," Elvin akasema. "Tumekusamehe. Tungefanyaje tena? Inuka ukae kitini."

Akakaa. Elvin akageuza kikombe chake, akakigeuza tena.

"Nikwambie kitu, maana wewe unasomea haya mambo. Mimi nilijua."

"Ulijua nini, Ndugu Elvin?"

"Siku ile ile. Nilipofika, glavu za Weldon zilikuwa juu ya uzio wa ndama. Nikazichukua, nikazificha kabla watu hawajafika. Nikasema Titus kaingia mwenyewe. Sikutaka mtoto wangu mmoja afe na mwingine aitwe muuaji."

Kendra akashika mdomo.

"Hukumwambia?" nikauliza mimi.

"Nimwambieje, Dada Orpha? Ningemwambia najua, angeshindwa kunitazama mezani. Nikanyamaza, naye akanyamaza. Tukakamua pamoja kila siku. Mimi nilikuwa najua, na nilikuwa bado namwita mwanangu, namkabidhi ng'ombe, namkabidhi mashine ile ile. Nilitaka aone kwamba namwamini. Nilikuwa na siku yangu ya kumwambia. Nilipanga baada ya harusi."

Nikakumbuka orodha ya dalili aliyowahi kunisomea Kendra kitabuni mwake: kukwepa, kujifungia, nyumba isiyoongea. Na humu ndani kumbe ukimya ulikuwa ndio mkono wa baba juu ya kichwa cha mwanawe.

Lois akaweka birika chini.

"Mimi ndiye sikujua," akasema. "Peke yangu nyumba nzima." Akatoka nje bila shali, na Elvin akainuka kumfuata.

Weldon alikuwa kwenye banda la kukamulia. Nilibaki mlangoni, Kendra akaingia. Weldon hakugeuka, aliendelea kufuta chuchu za ng'ombe kwa kitambaa.

"Weldon."

"Nimesikia gari."

"Nimefuta ile video. Nimekiri kwa mwalimu. Nimekosa, sijui hata nianzie wapi. Niliogopa utajitoa."

"Ningejitoa."

"Nilidhani nakusaidia. Ulikuwa umeniambia kifua kimekuwa chepesi..."

"Kilikuwa chepesi."

"Nisamehe."

Akasimama. Macho yamevimba, lakini sauti ni ile ile ya kawaida, kama anaongelea mvua.

"Nimekusamehe, Kendra. Toka jana jioni. Niliomba mpaka ikawa kweli."

Jamani, uso wa mwanangu ulivyong'aa! Machozi yanatiririka na meno yanaonekana. Akasogea, akamshika mkono wa koti.

"Asante. Asante. Tutaanza upya, nitakuwa mwangalifu, naapa... sitaapa, naahidi. Kwa hiyo harusi... mwezi wa sita bado..."

"Hapana."

"Umesema umenisamehe."

"Nimekusamehe."

"Sasa?"

Weldon akautoa mkono wa Kendra taratibu, kidole kwa kidole, kama unavyomtoa mtoto aliyeshika kitu cha moto.

"Kusamehe nimefundishwa toka mdogo, naweza. Kukaa na wewe mezani siwezi. Nitafungua mdomo nikuambie nimeota nini, halafu nitaanza kutafuta kamera iko wapi."

"Hakutakuwa na kamera tena!"

"Nitaitafuta tu."

"Nipe muda basi. Mwaka. Miaka."

"Nilikuambia sema kitu," Weldon akasema, na hapo ndipo sauti ilipomkatika. "Siku ile. Nilikuomba useme kitu, ukanijibu kama karatasi. Nikajidanganya kwamba ulishikwa na uchungu ndiyo maana. Kumbe ulikuwa kazini."

"Nilikuwa nakupenda!"

"Inawezekana. Lakini ulikuwa kazini."

Akainama, akafunga mashine kwa ng'ombe wa pili. Kendra akasimama pale mpaka nikaingia kumchukua. Mzito alikuwa, kama magunia.

Garini hakulia. Alisema neno moja tu, tukiwa tumeshavuka daraja.

"Mama, kumbe alikuwa ananiambia kila siku."

"Nani?"

"Weldon. Yale matairi, Mama. Kila siku alikuwa ananiambia."

Nikaendelea kuendesha.

Kendra alimaliza chuo mwaka uliofuata, kwa utafiti mwingine, wa panya. Sasa anaishi mbali na hapa, anafanya kazi na wazee waliopoteza kumbukumbu, na wanasema ni mpole sana, anasikiliza bila kuandika. Mfarishi tulimpa mwingine aliyeolewa majira yale, maana wanawake walishamaliza na haukuwa na kosa.

Akija likizo tunakwenda kanisani pamoja. Weldon naye yupo, bado peke yake. Mwisho wa ibada anakuja, kwa sababu ndivyo mtu aliyesamehe anavyotakiwa kufanya, anampa mkono, anauliza safari ilikuwaje, anasema nadhani itanyesha. Hana kinyongo hata chembe. Nimemchunguza, ningekipata ningefurahi, maana mwenye kinyongo bado ana moto. Kendra anatabasamu mpaka tunapofika garini.

Binti uliye chuoni, na wewe mama unayemsomesha, nimeandika haya ili mjiepushe na yafuatayo:

Usimtibu mchumba wako. Kama anaumwa kweli, mpeleke kwa mwingine.

Usimpe mtu jina la ugonjwa kwa sababu haongei kama wewe.

Usimwambie mtu "ni mimi na wewe" na wewe unajua siyo.

Usitoe ruhusa kwa niaba ya mtu ambaye hukumuuliza.

Ukijua angekataa, hilo ndilo jibu lenyewe. Usitafute njia ya kulizunguka.

Mtu akilia mbele yako akakuomba useme kitu, usiseme cha darasani. Mshike, au lia naye, au nyamaza.

Kosa likishatokea, usingoje Jumamosi.

Mama, mtoto akikuambia "niache nitamwambia mwenyewe," usimwache. Mpeleke siku hiyo hiyo, mkae garini nje mpaka aingie.

Na ukiambiwa umesamehewa, sema asante, uondoke. Usiulize habari za harusi.